Daraja la Mackinac: Panga Kurudi Kabla ya Kwenda

Anayesikia kwa mara ya kwanza habari za matembezi ya Daraja la Mackinac huuliza kuhusu miguu. Maili 5, yaani kilomita 8, nitaziweza? Mama ataweza? Watoto je? Ni maswali ya haki, ila siyo yanayoharibu siku. Kilomita 8 za njia safi, bila matope wala mlima wa kutisha, mtu mzima mwenye afya ya kawaida huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Kinachoharibu siku ni kufika ng'ambo, kupiga picha, kutafuta kahawa, kisha kukumbuka kwamba gari liko upande wa pili wa maji na daraja limefungwa kwa magari mpaka mchana. Ndiyo maana nitaanza na kurudi, ingawa waandishi wengi wa safari huanza na kwenda.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, limegawanyika vipande viwili: Rasi ya Chini, ambako kuna Detroit, Lansing na Grand Rapids, na Rasi ya Juu, nchi ya misitu na migodi ya zamani. Katikati yake ni mlangobahari ambamo Ziwa Michigan na Ziwa Huron hukutana. Daraja la Mackinac limeunganisha rasi hizo mbili, kutoka mji wa Mackinaw City kusini hadi St. Ignace kaskazini. Siku nyingine zote za mwaka ni mali ya magari. Mwenda kwa miguu haruhusiwi kabisa. Siku moja tu, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo Wamarekani wanaiadhimisha kama Sikukuu ya Wafanyakazi, magari husimamishwa na watu hupewa daraja lote. Hujitokeza kati ya watu 20,000 na 30,000 katika miaka ya kawaida. Hakuna kiingilio, hakuna kujiandikisha.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu walioko Michigan na majimbo jirani. Grand Rapids na Lansing zina familia nyingi zilizotoka Kongo, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, na Kiswahili kinasikika makanisani na madukani. Wapo pia Wakenya na Watanzania waliotawanyika kwenye vyuo, hospitali na viwanda. Wengi wameishi hapa miaka na miaka, wanasikia daraja likitajwa kwenye redio kila Septemba, na hawajawahi kwenda kwa sababu hakuna aliyewaeleza mambo madogomadogo. Haya ndiyo hayo.

Jambo la kwanza kujua ni saa. Nitataja saa kwa Kiswahili, ukitazama simu usichanganyikiwe. Magari huzuiwa kuingia darajani kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hayaruhusiwi tena mpaka saa sita mchana. Watembeaji huanza saa moja kamili. Unaweza kuanza upande wowote, kusini au kaskazini. Utaratibu huu wa pande mbili ulianza mwaka 2018. Zamani wote walianzia St. Ignace na kumalizia Mackinaw City, na mabasi yaliwabeba kuvuka. Mwaka 2017, kwa sababu za usalama, wakuu waliamua kulifunga daraja kabisa kwa magari wakati wa matembezi, na kuanzia hapo hesabu ya kurudi ikabadilika. Anayekusimulia habari za mabasi ana kumbukumbu za zamani. Msikilize kwa adabu, lakini usipange safari yako kwa maneno yake.

Sasa una njia tatu.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kwa familia yoyote inayokwenda mara ya kwanza: anzia upande ulikolala, tembea mpaka katikati ya daraja, geuka, rudi ulikotoka. Jumla ni zile zile maili 5 au karibu yake, umefika mahali pa juu kabisa, umeona minara yote miwili, na gari lako linakungoja pale ulipoliacha. Wapo watakaokucheka kwamba hukuvuka. Waache. Wao ndio utakaowaona saa tano wakizunguka mjini wakiuliza usafiri.

Ya pili ni kuvuka moja kwa moja. Ukitaka hii, lazima kurudi kwako kuwe kumepangwa siku moja kabla. Njia rahisi ni familia mbili kushirikiana: familia moja inalala St. Ignace, nyingine Mackinaw City, kila moja inaanzia upande wake, mnapishana katikati na kubadilishana funguo za magari, kisha kila mmoja anamkuta mwenzake baada ya saa sita. Ina raha yake, na inataka watu wanaoaminiana na magari yenye bima inayomruhusu mwingine kuendesha. Njia nyingine ni boti. Kampuni zinazobeba watalii kwenda Kisiwa cha Mackinac zimekuwa zikiuza tiketi za kuwavusha watembeaji siku hiyo. Tiketi hiyo inunue mapema, usiingojee gatini. Na kama huna haraka, kaa mjini ule chakula, usubiri daraja lifunguliwe, upate mtu wa kukuvusha. Ila usisahau kwamba saa hiyo hiyo maelfu ya wenzako nao wanasubiri.

Ya tatu ni kuvuka na kurudi kwa miguu, maili 10, kilomita 16. Hii ni ya wanaotembea kweli, na lazima uwe mstari wa mbele saa moja kamili, kwa sababu hapa ndipo sheria ya muda inapouma. Ambaye hajafika katikati ifikapo saa nne asubuhi hugeuzwa arudi alikotoka, hata kama bado ana nguvu za kuvuka mara mbili. Kadiri saa zinavyosogea kuelekea saa tano na nusu, ndivyo wasimamizi wanavyosogeza sehemu za kugeuzia karibu zaidi na miisho ya daraja. Kubishana na askari hakusaidii. Magari yanangoja saa sita.

Kutokana na hayo, ushauri wangu wa wapi pa kulala ni huu: kama unatoka Lansing, Grand Rapids au Detroit, lala kusini, anzia Mackinaw City. Hutavuka kwa gari, hutalipa tozo ya dola 4, hutaamka saa kumi alfajiri kuwahi kabla ya kufungwa. St. Ignace ina sherehe yake, kwa kuwa kwa desturi gavana huanzia huko, na mji wenyewe ni mtulivu. Lakini mwenye watoto watatu na bibi hahitaji kumwona gavana.

Hoteli za Mackinaw City wikendi hiyo hupanda bei na kujaa. Ukichelewa, tazama Cheboygan, kama maili 16 kusini mashariki, au Gaylord, karibu saa moja kwa gari kwenye barabara kuu ya I-75. Wenye hema wana bahati zaidi: hifadhi ya Wilderness iko magharibi mwa Mackinaw City, na ile ya Straits iko St. Ignace ikitazamana na daraja. Zote ni za serikali ya jimbo, na nafasi huanza kuchukuliwa miezi sita kabla. Mwenye kwenda kanisani Jumapili asihofu. Ibada ikiisha saa saba au nane mchana, safari ya saa tatu na nusu mpaka nne kutoka Lansing au Grand Rapids inakufikisha kabla ya usiku kuwa mzito. Kufika mapema kuna faida nyingine: kuepuka paa. Barabara za kaskazini jioni huvukwa na wanyama hao bila taarifa, na kumgonga mmoja ni kumaliza safari na gari pamoja.

Ukiandika jina la mahali kwenye ramani ya simu, andika mji wote: Mackinaw City, kwa herufi "w". Ukiandika Mackinac peke yake unaweza kupelekwa kwenye kisiwa, na kisiwa hicho kimepiga marufuku magari tangu mwaka 1898. Kinafikiwa kwa boti. Ukiuliza njia, tamka "Makino", liwe Mackinac au Mackinaw. Na kwa asiye raia wa Marekani, kuna neno moja ambalo matangazo ya utalii hayalisemi. Ukishavuka kwa gari na kuendelea kaskazini kwa I-75, baada ya maili 50 hivi unafika Sault Ste. Marie, na barabara inakwenda moja kwa moja mpakani mwa Kanada. Usilale usingizi ukapita njia ya mwisho ya kutokea. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anatakiwa na sheria kutembea nayo. Mwenye hati nyingine za uhamiaji abebe zake pia. Eneo la mpaka si mahali pa kuanza kueleza kwamba karatasi ziko nyumbani kabatini.

Daraja lenyewe ni kubwa kuliko picha zake. Urefu wake wote ni futi 26,372, zaidi kidogo ya kilomita 8. Kati ya mnara mmoja na mwingine ni futi 3,800, na minara hiyo imepanda futi 552 juu ya maji. Ukisimama katikati, barabara iko karibu futi 200, kama mita 60, juu ya ziwa. Chini yako maji yana kina kinachokaribia futi 300. Njia imening'inizwa kwenye nyaya mbili kubwa, na ukizifumua nyaya hizo uzi kwa uzi zingekupa maili 42,000 za waya. Mhandisi wake aliitwa David B. Steinman. Ujenzi ulianza Mei 1954, na daraja likafunguliwa kwa magari tarehe 1 Novemba 1957.

Kabla ya hapo watu walivuka kwa vivuko vya serikali vilivyoanza mwaka 1923. Novemba, msimu wa kuwinda paa, foleni ya magari ilinyooka maili kadhaa na watu walilala humo wakisubiri zamu. Msomaji wa Mwanza aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla ya daraja la kilomita 3 kuzinduliwa Juni 2025, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa Michigan wanalipenda daraja lao kiasi hiki. Wa Likoni bado anasubiri, naye anaelewa zaidi.

Habari ya Steinman inakuhusu wewe mtembeaji kwa njia moja: viatu. Mwaka 1940 daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington, liliyumbishwa na upepo mpaka likakatika, miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Steinman alijifunza kutokana na hilo. Katika sehemu inayoning'inia aliweka lami kwenye njia za pembeni, na njia za ndani akaziacha ziwe wavu wa chuma ulio wazi, ili upepo upite kutoka chini badala ya kulisukuma daraja zima. Ukitazama kati ya miguu yako kwenye wavu huo, unaona ziwa. Kwa hiyo kisigino chembamba hakifai, na ndala nazo zitakusumbua. Vaa raba ulizokwisha kuzizoea, na usiwe umezinunua Jumamosi. Kama huna hakika na moyo wako, shika njia ya lami na utazame mbele au pembeni, si chini. Anayeogopa sana amweke mwenzake upande wa ukingo. Kwa wengi hofu hupungua wakishapita mnara wa kwanza, maana mazungumzo ya watu huizidi nguvu. Lakini si wote, na hakuna aibu kugeuka. Hofu hiyo ni ya kawaida kiasi kwamba siku nyingine za mwaka wafanyakazi wa daraja huweza kumwendeshea gari dereva anayeshindwa kuvuka mwenyewe.

Watu husema daraja linayumba. Ni kweli kwamba limejengwa lisogee: katika upepo mkali kabisa, sehemu ya katikati inaweza kuhama hadi futi 35 kuelekea mashariki au magharibi. Haliyumbi kama bembea. Linasogea taratibu kwa kusukumwa, kisha linarudi taratibu upepo ukitulia. Asubuhi ya kawaida ya Septemba hutahisi chochote.

Upepo, hata hivyo, utauhisi, na baridi pia. Jua huchomoza karibu na saa moja yenyewe, yaani unaanza kutembea likitokea juu ya Ziwa Huron, upande wa mashariki. Joto linaweza kuwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na juu ya daraja upepo unaifanya baridi iume zaidi. Saa tatu baadaye umevua jaketi. Vaa nguo za tabaka: fulana, sweta, jaketi jepesi la kuzuia upepo. Kina mama waliozoea kufunga khanga au kitenge wafunge juu ya suruali au taiti. Upepo wa pale hauna heshima. Buibui libanwe kiunoni, hijabu ya pini ni salama kuliko mtandio. Kofia isiyo na kamba ni sadaka kwa ziwa. Mwavuli hauruhusiwi, na hata ungeruhusiwa usingekaa dakika moja. Mvua ikitishia beba koti la mvua.

Na choo. Daraja zima halina choo. Vipo vya kuhamishika kwenye maeneo ya kuanzia, na foleni yake saa moja asubuhi ni ndefu. Chai nzito ya maziwa, vikombe viwili, saa kumi na mbili alfajiri, ni uamuzi utakaoujutia karibu na mnara wa kwanza. Kunywa kidogo, beba chupa ndogo ya maji kwa kila mtu, tembelea choo hata kama hujisikii, na watoto uwapeleke kwa lazima. Mwenye kisukari abebe kitu cha kula mfukoni, kwani juu ya daraja hakiuzwi kitu.

Kwa wenye watoto wachanga: vigari vya watoto vinaruhusiwa, na viti vya magurudumu pia. Baiskeli, ubao wa magurudumu na viatu vya magurudumu haviruhusiwi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, mbeleko inashinda kigari kwa mbali. Gurudumu dogo halipendi wavu wa chuma, mtoto aliye mgongoni hapati upepo usoni, na mikono yako yote miwili iko huru kumshika mkubwa wake. Mtoto wa miaka mitano au sita ataweza kufika katikati. Shida huja wakati wa kurudi, anapogundua kwamba njia ni ile ile. Wekeni akiba ya hadithi, na biskuti. Andika namba yako ya simu kwa kalamu mkononi mwa kila mtoto. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipoteana, na pawe chini, siyo darajani, kwa sababu katikati ya umati ule hakuna kona wala mti wa kuuelekezea.

Mbwa aachwe nyumbani, isipokuwa yule wa kumsaidia mlemavu. Kukimbia hakuruhusiwi, wanaotaka mbio wana zao za alfajiri, kwa idadi ndogo ya watu wanaoomba nafasi mapema. Mabango nayo marufuku, na hapo nina neno.

Hii ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Sisi tulikotoka tunaiadhimisha Mei Mosi kwa maandamano, mabango, hotuba na fulana za chama. Chimbuko la Mei Mosi ni Marekani hii hii, katika mgomo wa kudai kazi ya saa nane na mauaji ya Chicago ya mwaka 1886. Lakini serikali ya Marekani, mwaka 1894, iliifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu yake rasmi, mbali na kumbukumbu hizo. Na Michigan si jimbo la kawaida katika habari za wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi wa magari kilizaliwa Detroit mwaka 1935, na mgomo wa kukalia viwanda vya Flint, kati ya Desemba 1936 na Februari 1937, uliilazimisha General Motors kukitambua. Daraja lenyewe lilijengwa na mikono ya wafanyakazi, na watano kati yao walikufa kazini. Naelewa kwa nini wasimamizi hawataki mabango kwenye upepo na msongamano, na kwa nini gavana anapenda siku isiyo na siasa. Bado naona ni kitu cha ajabu kidogo kwamba njia bora ya kuwaenzi wafanyakazi jimboni humu ni kutembea mikono mitupu. Ukipenda, waeleze watoto wako habari hizo mkiwa mnatembea. Hilo halijakatazwa.

Desturi yenyewe ilianza kwa unyenyekevu. Juni 1958, wakati wa sherehe za kulizindua rasmi daraja, gavana G. Mennen Williams aliongoza matembezi ya kwanza na watu walikuwa 68. Mwaka uliofuata yakahamishiwa Septemba, na hayajahama tena. Mwaka 1992 George H. W. Bush alitembea akiwa rais, na umati ule ulikadiriwa kuwa watu 85,000. Mwaka 2020 yalifutwa kabisa kwa sababu ya Uviko.

Ukiwa juu, usikimbilie kumaliza. Ukielekea kaskazini, Ziwa Michigan liko kushoto na Ziwa Huron kulia, pamoja na Kisiwa cha Mackinac na boti zake. Ukibahatika utaona meli ya mizigo ya maziwa makuu ikipita chini yako. Nyingine zina urefu wa futi 1,000, na kutoka juu ndipo unapoelewa ukubwa huo. Piga picha, lakini toka kwanza kwenye mkondo wa watu. Anayesimama ghafla katikati ya njia na simu juu husababisha msongamano nyuma yake, na kwa kawaida picha yenyewe inakuwa ya visogo.

Bibi au babu asiyeweza kutembea asiachwe nyumbani. Mackinaw City ina bustani ya jimbo chini kabisa ya daraja, karibu na mnara wa taa wa zamani wa Old Mackinac Point, na kutoka kwenye benchi pale daraja lote linaonekana. Akae na mtu mmoja, blanketi na chupa ya chai. Yeye anaruhusiwa vikombe viwili.

Mkishuka mtakuwa na njaa. Chakula cha eneo lile ni "pasty", kitu kilicholetwa Rasi ya Juu na wachimba madini kutoka Cornwall, Uingereza: ni kama sambusa kubwa ya kuoka yenye nyama, viazi na kitunguu ndani. Inashibisha kweli. Waislamu na wengine wasiokula nguruwe waulize kwanza, kwani kwa jadi unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na maduka hutofautiana. Wenye bajeti finyu wabebe chapati na mayai ya kuchemsha kwenye gari, wala hakuna atakayewashangaa.

Kuondoka nako kuna hesabu. Ukiwa umerudi kwenye gari kufikia saa nne, ondoka hapo hapo au kaa mpaka alasiri. Ukiondoka saa sita utakuwa pamoja na kila mtu: wa matembezi, wa kambi na wa nyumba za ziwani, wote wakirudi kusini mwisho wa wikendi ndefu. Tarajieni msongamano kwenye I-75 mpaka Grayling, inapoachana na US-127 iendayo Lansing. Wa Grand Rapids wana nafuu ya kushuka kupitia Petoskey na US-131. Aliyefanya zamu ya usiku Jumamosi asishike usukani peke yake wikendi hiyo. Pangeni madereva wawili.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Wengi wetu tulikwenda shule kwa miguu kilomita hizo hizo, tena bila kifungua kinywa. Sasa tunakwenda kwa gari mpaka dukani mtaa wa pili. Mwezi mmoja wa kutembea jioni, ukianza na nusu saa na kuongeza kila wiki, unatosha. Mwenye shinikizo la damu, tatizo la moyo au goti bovu amuone daktari wake kwanza, siyo jirani.

Lililobaki ni ruhusa ya kazi. Viwandani, kwenye maghala na nyumba za kutunza wazee, Sikukuu ya Wafanyakazi mara nyingi ni siku ya kazi kama nyingine, na ratiba hujazwa wiki nyingi kabla. Iombe Jumatatu hiyo mwezi Julai, kwa maandishi, na kama unaweza omba na Jumanne asubuhi. Kisha, Jumapili kabla hujawasha gari, soma tangazo la Mamlaka ya Daraja la Mackinac la mwaka huo: saa, sehemu za kugeuzia na usafiri wa ng'ambo vimewahi kubadilika, na tangazo hilo ndilo lenye neno la mwisho.